Mazingira si ya watu wa Jiografia peke yao

Kama unataka kuua mti Dodoma na bado upigiwe makofi, upande tarehe 5 Juni. Tafuta mgeni rasmi, mkabidhi jembe jipya lenye utepe, piga picha, mwagia ndoo moja ya maji, kisha wote mkanywe soda. Mvua za huku kwetu hukata Aprili, zikijitahidi sana zinagusa Mei, na hazirudi mpaka mwisho wa Novemba au Desemba. Katikati hapo kuna jua, upepo na mbuzi wa majirani. Ikifika Agosti kilichobaki ni kibao chenye jina la mgeni rasmi.

Tarehe yenyewe haina kosa. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ulifunguliwa Stockholm tarehe 5 Juni 1972, ndiyo maana Siku ya Mazingira Duniani ikaangukia hapo. Aliyeipanga hakuwa na Mpwapwa akilini na simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi, tunaofundisha darasani kwamba kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, halafu tunatoka nje kupanda miche kiangazi.

Mimi ni mkufunzi wa Hisabati katika chuo cha ualimu hapa mkoani Dodoma. Kwa muda mrefu mazingira chuoni kwetu yalikuwa mambo mawili: hiyo Juni 5, na klabu ya mazingira ambayo mlezi wake lazima awe mtu wa Jiografia. Sisi wengine tulikuwa tunashiriki kwa kushika fagio siku ya usafi. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, shule ya msingi ikapata somo linaloitwa Jiografia na Mazingira. Somo zuri, sina neno nalo. Ila mwenzangu wa Kiingereza alifurahi kuliko wote. “Haya,” alisema wakati wa chai ya saa nne, “sasa imeandikwa kabisa. Mazingira yana mwenyewe.”

Cha kuchekesha ni kwamba jambo hili lilikwisha kujadiliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1977 UNESCO na UNEP, lile shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, waliitisha mkutano mjini Tbilisi, na azimio lake lilitaka elimu ya mazingira ipite ndani ya masomo yote badala ya kufungiwa kwenye chumba chake. Miaka inakwenda hamsini na bado tunagawana nani mwenyewe.

Mimi nilianzia jikoni. Sikuwa na mpango wowote wa kuokoa dunia. Nilikuwa na mada ya vipimo na uwiano, na wanachuo waliochoka na mifano ya “Juma ana machungwa 12”. Ilikuwa 2023, chuo bado kinapikia kuni. Fuso inaingia imejaa, inashusha nyuma ya bwalo, na baada ya muda inaingia nyingine. Hakuna aliyekuwa anapima chochote. Kuni zilikuwa zinahesabiwa kwa “tripu”.

Nikawapa swali. Bibi wa jikoni, mpishi wetu mkuu ambaye wanachuo wote wanamwamkia “Shikamoo bibi”, anaweka lita 100 za maji ya uji alfajiri. Maji yako kwenye nyuzi 25. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa maji hayasubiri nyuzi 100, yanachemka kwenye 96 hivi. (Hili peke yake lilizua ubishi wa nusu kipindi, na ndiyo sababu mojawapo maharage yanasumbua kuiva huku kuliko Dar es Salaam.) Kilo 100 za maji, mara 4.2 (kilojuli za kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja), mara tofauti ya nyuzi 71: unapata kilojuli 29,820, tuseme megajuli 30. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina kama megajuli 15. Gawanya. Daftari linasema kilo mbili za kuni zinatosha.

Wakapiga mstari mara mbili chini ya jibu. Kesho yake alfajiri tukaenda jikoni na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mazao, tuliyoiazima sokoni. Tukamwekea bibi kilo mbili zake mbele ya jiko. Akazitazama, akacheka mpaka akashika nguzo. “Hizi wajukuu zangu ni za kuwashia. Za kupikia ziko wapi?”

Maji yalichemka tulipofika kilo 17.

Hapo ndipo kipindi kilipoanza kweli. Kilo 17 ni megajuli 255; zilizoingia kwenye maji ni 30. Asilimia 12 tu. Zile 88 zimekwenda wapi? Hakuna aliyesubiri kunyooshewa kidole. Moshi huo hapo, macho yanawawasha. Mafiga yako wazi pande tatu na upepo wa Dodoma mnaujua. Kuni za chini ya rundo zilikuwa na unyevu, zinatoa povu upande wa pili. Kijana mmoja wa Sengerema akauliza kwa nini sufuria kubwa halina mfuniko. Bibi akajibu kwa utulivu kwamba mfuniko uliazimwa kwenye msiba wa jirani, na haujarudi. Sasa hesabu ikawa na mtu, na msiba, na mfuniko. Tulipotengenezewa mfuniko wa bati na fundi wa pale stendi tukarudia kipimo, kuni zikapungua, na wanachuo wakaandika asilimia ya upungufu bila mimi kuwaambia kwamba hiyo ndiyo mada ya wiki ijayo.

Mkaa tuliufanya darasani, kwa sababu wengi wao ndio wanaoutumia wakipanga mtaani. Tanuri la udongo, lile la kufukia, linakula kuni kilo saba, nane, hata kumi kutoa kilo moja ya mkaa. Mwanachuo mmoja ambaye baba yake anachoma mkaa alieleza jinsi linavyopangwa, linavyofunikwa nyasi kisha udongo, na namna unavyosoma rangi ya moshi kujua kama limeiva au linaungua bure. Nilimpisha ubaoni. Sikuwa na la kuongeza, na sidhani kama ilikuwa kazi yangu kumwambia mtoto wa mchoma mkaa kwamba mkaa ni mbaya. Alikuwa anaijua gharama yake kuliko semina nzima.

Nikiwa nimetaja semina, niseme kidogo. Nimehudhuria za mazingira zaidi ya moja. Ukumbi una kiyoyozi, kila mtu ana chupa yake ya maji ya plastiki, na mwezeshaji anaonyesha dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu. Tuna Kilimanjaro, jamani. Barafu yake imepungua kwa kiasi cha asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na ukitoka Moshi unaiona kwa macho yako. Halafu tunagawanywa kwenye makundi, tunaandika “changamoto” na “mapendekezo” kwenye karatasi kubwa, tunasaini, tunarudi nyumbani. Sijawahi kumwona mkufunzi aliyebadilisha andalio lake la somo kwa sababu ya karatasi hizo, nami nikiwemo.

Kwa hiyo nilipopewa zamu ya kuongoza jumuiya yetu ya ujifunzaji (walio kwenye mafunzo kazini ya MEWAKA wanajua vikao hivi), niliomba mambo mawili. Kila mkufunzi aje na azimio lake la kazi la muhula huu, yaani mpango wa mada atakazofundisha, na asiongeze mada hata moja. Ratiba imejaa, nakubali, basi tusiijaze. Tutafute mada ambayo tayari imo, ambayo utaifundisha upende usipende, tuone kama mfano wake unaweza kutoka ndani ya uzio wa chuo. Na kikao tukifanyie nyuma ya bwalo, kwenye rundo la kuni, tukikalia magogo yenyewe.

Baadhi walikuja kwa sababu bibi alikuwa amechemsha chai yenye tangawizi. Sina aibu kusema hivyo.

Mwenzangu wa Kiswahili ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. “Dada, unataka nifundishe ngeli kwa takataka?” Nikamuuliza wiki hiyo ana nini. Barua rasmi. Karibu na bweni la wasichana kulikuwa na bomba linalovuja tangu enzi, kila mtu analiruka. Akawatuma wanachuo wakalitazame, wamwandikie mkuu wa chuo. Mmoja aliweka ndoo ya lita 20 chini yake, ikajaa kwa saa moja. Akaandika kwenye aya ya pili kwamba hizo ni lita 480 kwa siku, lita 14,400 kwa mwezi wa siku 30, “katika mkoa ambao jiji lake linategemea visima vya Makutupora”. Barua hiyo ilipigwa muhuri masjala kama barua nyingine yoyote. Fundi alikuja. Mwalimu wa Kiswahili akatembea kifua mbele muhula mzima, na sasa barua zote za mfano darasani kwake zinakwenda kwa mtu halisi. Kuna moja imefika kwa afisa mtendaji wa kata na imezua maneno, lakini hayo ni yake aeleze mwenyewe.

Makutupora yenyewe ikachukuliwa na watu wa Sayansi. Vipimo vya maji ya chini ya pale vimeandikwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha kitu ambacho mimi sikukitegemea: visima havijazwi sawasawa kila mwaka. Vinangoja ile miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, ndipo maji yanashuka chini kwa wingi. Miaka mingine mnakula akiba. Mimi nikaongeza paa la bwalo. Mita 30 kwa 10 ni mita za mraba 300. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Weka milimita 550 za mwaka, toa asilimia 20 inayopotea, unabaki na lita 132,000. Simtanki za lita 10,000 ngapi? Halafu wanachuo wakatazama paa, wakaona halina hata mfereji mmoja. Mpaka leo halina. Fedha.

Lakini kipindi ambacho natamani ningekirekodi kilikuwa cha Historia. Mwenzangu yule ana mada ya ukoloni na upinzani wa wananchi, na kila mwaka ni vita vilevile. Safari hii akaleta Uluguru ya 1955, kule milimani Morogoro. Waingereza walitaka kila kaya ichimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Ukilitazama kwa macho ya leo ni mradi wa mazingira, tena wenye nia inayoeleweka. Waluguru walikataa, zikazuka ghasia, mtu akapoteza maisha, na mradi ukafa. Kwa nini? Darasa likapasuka katikati. Upande mmoja: wananchi walikuwa hawajaelimika. Upande wa pili, wakiongozwa na dada mmoja kutoka Matombo, hukohuko Uluguru, ukauliza nani alichimba, kwa siku ngapi za wiki, bila malipo, kwenye udongo ambao ukikata tuta unafukua ule wa chini usioota kitu. Dada yule alikuwa anasema maneno ya babu yake, na ilionekana.

Kisha mkufunzi akawaleta karibu na nyumbani. HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973. Milima ya Irangi kule Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote iondoke eneo lile. Ikaondoka. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, leo ukipita unaona tofauti. Na kwa miaka mingi watoto wa pale walikosa maziwa, mpaka ng'ombe waliporuhusiwa kurudi wakifugwa ndani. Tuna wanachuo wa Kondoa ambao bibi zao walihamisha ng'ombe hao. Wawili kati yao hawakubaliani kabisa kama ilikuwa haki, na mkufunzi, kwa busara kubwa, hakuwapatanisha. Aliwapa kazi ya kwenda kuwahoji wazee likizo.

Tangu siku hiyo sijasikia tena chumba cha wakufunzi kikisema mazingira yana mwenyewe. Isipokuwa yule wa Kiingereza, kwa utani.

Kuna sehemu moja ambako tumegonga mwamba, nayo ni mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo akienda kwenye mazoezi anakaguliwa kwa fomu, na fomu ina alama za zana. Anachojua yeye ni kwamba zana inayong'aa inapata alama. Ananunua manila kumi, kalamu za rangi, gundi, wengine wanapeleka chati zikapakwe plastiki stendi, kwa hela ambayo ingemlisha wiki. Akirudi chuoni, zinatupwa. Ukipita nyuma ya mabweni mwisho wa mazoezi utakuta zinaungua: Milki ya Wanyama, Mfumo wa Jua, Sehemu za Ua, zote moto mmoja, na plastiki inatoa moshi mweusi hadi madarasani. Nimeomba tuanzishe chumba cha zana ambapo anayerudi anaacha na anayekwenda anaazima. Nimeomba pia mkaguzi amwulize mwanachuo: zana hii wanafunzi wataitumia vipi ukiondoka? Vifuniko vya soda vya kuhesabia na makopo ya kupimia ujazo wa mcheduara vinabaki shuleni miaka. Manila inaliwa na mchwa. Chumba tumepata, kidogo, zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Fomu bado ileile, na mwanachuo hafanyi kisicho na alama, wala mimi nilipokuwa mwanachuo sikufanya.

Juni 5, tumeifanyia marekebisho. Miche tunapanda Desemba na Januari, michache, kila mmoja una mtu. Juni tunafanya kisiki hai, ile njia inayojulikana sana vijijini huku Dodoma: unatafuta visiki vya mikungugu na miti mingine iliyokatwa ambayo bado ina uhai chini, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kuonyesha mti una mwenyewe, unaulinda na mifugo. Haihitaji ndoo ya maji kwa sababu mizizi imo ardhini tayari. Haina picha nzuri. Mgeni rasmi wa mwaka wa kwanza aliuliza mara mbili mche wake uko wapi, akapewa panga.

Kuhusu kuni, serikali ilituwahi. Agizo lilitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na baadaye mwaka huohuo ukatoka mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Chuo kikaanza kuhangaika na bei ya gesi, na mhasibu, ambaye hakuwahi kunitembelea, akaja kuniuliza kama ni kweli wanachuo wangu wana daftari la kilo za kuni. Walikuwa nalo, la karibu mwaka mzima, lenye madoa ya masizi. Akalinakili lote kwa mkono. Bibi wa jikoni aliikubali gesi kwa masharti: apewe mtu wa kumfundisha kuizima, na maharage yalowekwe usiku kwanza. Hilo la maharage lilikuwa ushauri wake tangu siku nyingi, hakuna aliyemsikiliza.

Tukarudia swali la uji. Megajuli 30 zilezile. Kilo ya gesi ina kama megajuli 46. Jiko zuri linaingiza zaidi ya nusu kwenye sufuria. Inatoka kilo moja na robo hivi. Wakashangilia, wakaanza kulinganisha bei, na nikadhani kipindi kimekwisha salama.

Kisha binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu wa Lindi, akanyoosha mkono. “Madam, lakini hii gesi ya mtungi inatoka wapi?” Wenzake wakamjibu kwa pamoja: Mtwara. Akatikisa kichwa. Yuko sahihi yeye. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni ya aina nyingine, inasafiri kwa bomba na sehemu kubwa inazalisha umeme. Ya mitungini inaletwa kwa meli kutoka nje, inashushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha inapanda lori kuja kwetu. Basi akauliza tena: kama mkungugu unaota hapa, tena visiki tunavitunza wenyewe, na gesi haioti popote, ipi kati ya hizo mbili ndiyo endelevu?

Mwenzangu wa Fizikia anasema swali halina uzito, moshi wa jikoni peke yake umeshalijibu, aulizwe bibi na kifua chake. Yule wa Jiografia anasema lina uzito sana, inategemea unakata miti mingapi na inachipua kwa kasi gani. Wamelipeleka kwenye kikao cha Ijumaa. Nimewaambia waje na namba, na mwenye zamu ya chai safari hii ni mtu wa Kiingereza.